Mwaka Bi Asya Aliponiposea Chuo

Simu ya kwanza asubuhi ile ilikuwa ya kijana wa Kitanzania anayesoma chuo kidogo Sharjah, anataka kuhamia kwetu aingie mwaka wa pili. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nakaa ofisi ya udahili, napokea maombi ya wanaohama kutoka vyuo vingine, na nimeifanya miaka mingi kiasi kwamba maswali yote nayajua kabla hayajatoka mdomoni mwa mtu. Akauliza lile ambalo wote huuliza: "Samahani dada, hapa kwenye barua za mapendekezo mmeandika si lazima. Sasa nilete au nisilete?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba si lazima maana yake si lazima, ukiwa nazo leta, usipokuwa nazo maombi yako yatapokelewa vilevile. Akashukuru, kisha akasema, "Sawa. Lakini dada, kiukweli kiukweli?" Hapo simu yangu ya mkononi ikawaka mezani. Ulikuwa ujumbe wa Mueni, Mkamba niliyewahi kukaa naye chumba kimoja enzi zetu za mtaa wa Naif hapa Dubai, ambaye sasa ni msimamizi wa walinzi: "Edi, Bi Asya ametuacha alfajiri hospitalini. Wanazika leo baada ya Asr." Nikamwambia yule kijana nitampigia baadaye. Nikamalizia chai yangu iliyokwisha poa, nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakirudisha kabatini. Nikangoja nilie. Hakuna kilichokuja.

Kuna watu msiba ukiwafika hulia hapohapo, machozi yakaisha, wakaomba uji wakanywa. Nawaonea wivu. Mimi hufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na ganzi yangu haina haraka ya kuondoka. Nikaomba ruhusa, nikapanda metro kwenda Al Rigga, jirani na Naif, na njia nzima nilikuwa nasoma majina ya vituo kama mgeni. Mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na mkoba wa ofisi, anakwenda kwenye msiba wa mtu aliyemlisha mwaka mzima, na kichwani mwake ana jambo moja tu, kwamba viatu hivi vitamsumbua kuvivua mlangoni. Nilijua nilipoipata hali ile. Niliipata kwenye nyumba ileile niliyokuwa naiendea.

Mwaka huo ninaousema, mama yangu alizikwa kwetu nikiwa natandika vitanda hotelini Al Rigga. Likizo yangu ilikuwa haijafika, na kwa kafeel wetu, mwajiri mdhamini wa viza zetu, likizo isiyofika ilikuwa haiombwi. Kuhusu nyumbani sitasema zaidi ya hapo. Niliambiwa kwa simu nikiwa kwenye korido, nikasema asante kwa kunijulisha, nikaingia chumba kilichofuata nikabadilisha mashuka. Wenzangu walisema nina moyo mgumu. Moyo mgumu ungekuwa heri, kwa maana angalau ningeusikia uzito wake.

Nilikuwa nimepanga kitanda kwa Bi Asya, Mzanzibari aliyefika Dubai zamani, kabla ya sisi wote, akabaki. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya juu Naif, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa ikitaka kwanza isukumwe mlango. Vyumba vilikuwa viwili. Kimoja chetu wasichana, vitanda vya juu na chini na pazia la maua mbele ya kila kitanda. Kingine chake, nacho kilinukia udi hata uvunguni. Sebule haikuwa sebule, ilikuwa ghala. Wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Mombasa walikuwa wakija kula kwake wakati wa kununua mali, na mali nayo ikaja kula nao: marobota ya mapazia, maboksi ya vipuri, mabuibui yaliyofungwa kwa kamba. Tulikalia marobota hayo, tukala juu yake, na tukiwa tumelala tulisikia ukutani sauti za watu wakibishana kuhusu kontena lililoshushwa bandari isiyo yake. "Mali yangu iko Mombasa, mimi niko Unguja, nani atanijibu?" Mtu mmoja aliuliza hivyo wiki nzima, na Bi Asya akawa anamjibu kwa sahani ya wali tu.

Jioni nilisoma diploma ya uhasibu katika chuo kimoja kidogo kilichokuwa juu ya duka la manukato. Mpaka leo nikiona mizania nasikia harufu ya waridi. Diploma ile ilikuwa haiendi popote yenyewe, lakini chuo kikuu kimoja upande wa pili wa mji kilikubali kuwapokea wanaohama, mwaka wa pili moja kwa moja, kama alama zao zinaridhisha. Na mimi alama nilikuwa nazo. Mtu asiyelia usiku ana muda mwingi wa kusoma. Nikipata nafasi ile, chuo kingenitolea viza ya mwanafunzi na kazi ya saa chache maktabani, nami nisingekuwa tena mtu wa kafeel yeyote. Nikikosa, mkataba wangu wa hoteli ulikuwa unakaribia mwisho, na nisipoongezewa ningerudishwa kwenye nyumba isiyo na mama. Hilo tu ndilo lililokuwa linanitisha katika mwaka ule. Mengine yote yalinipita.

Kwenye fomu ya maombi, chini kabisa, paliandikwa kwamba mwombaji anaweza kuambatanisha barua za mapendekezo, si lazima. Nililisoma hilo kwa sauti siku ya Ijumaa, tukiwa tunakula pilau juu ya marobota, na ndipo nyumba ikagawanyika.

"Optional ni optional, manze," Mueni akasema, mdomo umejaa kachumbari. Wakati huo alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye duka kubwa karibu na hoteli yangu, na sheria alizipenda kwa sababu zilikuwa fupi. "Wangezitaka si wangesema? Peleka marks zako, uketi ungoje. Usijitafutie shida."

Bi Asya alikuwa anamwaga mchuzi. Akaweka mwiko chini. "Wee Mueni, ukialikwa harusini ukaambiwa njoo tu, usijisumbue kuja na kitu, hwenda mikono mitupu?"

"Nikiambiwa nisilete, silete."

"Lo! Ndiyo maana huolewi." Tukacheka, mimi nikacheka kwa sababu wao walicheka. "Mtu muungwana hakwambii leta. Hukwambia si lazima, kisha akakutazama mikono. Hao wa chuo ni waungwana, wamesema kiungwana. Si lazima ndiyo lazima yenyewe, mwanangu. Peleka barua, tena si moja."

Leo najua jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya ofisi kama ile, na bado nikilifikiria jibu la Bi Asya naona lilikuwa na akili kuliko la Mueni, ingawa Mueni ndiye aliyekuwa sahihi. Sisi tumelelewa hivyo. Mgeni akikataa chai mara ya kwanza hajakataa bado. Akisema ameshiba, unaongeza. Nani angeniaminisha kwamba mzungu au Mwarabu anaposema si lazima, ameishia hapo?

Basi nikaanza na mwalimu wangu, Sir Joji, Mhindi mpole aliyefundisha uhasibu na aliyekuwa akivaa sweta darasani kwa sababu ya kiyoyozi. Nikamwomba barua. Akasema, "Andika mwenyewe, Editha, lete nitasaini." Kwake lilikuwa jambo dogo. Nikakaa kitandani, nikafunga pazia, nikajaribu kujisifu kwa jina la mtu mwingine. Nikaandika kwamba Editha huhudhuria darasani. Nikaandika kwamba Editha huketi mbele. Nikaandika kwamba Editha hurudisha vitabu. Nikakwama hapo. Sikuwa naigiza unyenyekevu. Nilijitazama ndani nisione mtu wa kuelezea. Bi Asya akaniita nimsomee na kumfasiria. Nikasoma. Akasikiliza, ameinamisha kichwa.

"Hiyo barua ya mtu au ya kiti?" akauliza.

Mueni alianguka kwa kicheko. Kisha akaninyang'anya kalamu akaiandika yeye, kwa Kiingereza cha kanisani na cha matangazo ya kazi, na katika barua ile nilikuwa kiongozi mwenye maono na nguzo ya jamii. Sir Joji akaisaini bila kuisoma, akaniambia nisisahau kufunga mlango nikitoka.

Lakini Bi Asya hakuridhika. "Mkono mmoja haulei mwana," akasema. "Huyo mwalimu akujua jioni tu. Nani akujua mchana?" Mchana alinijua Madam Luz, Mfilipino aliyekuwa mkuu wetu wa usafi hotelini, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona unywele mmoja kwenye beseni. Na hapo hata mimi niliyekuwa siogopi kitu niliogopa. Kumwomba barua madam ni kumwambia nataka kuondoka. Mueni akalisema bila kuzunguka: "Ukimwambia madam unaenda, kesho asubuhi kuna msichana mwingine anasukuma trolley yako. Na kama hiyo university itasema hapana? Utaenda wapi, Edi?" Nikasema basi, sitamwomba. Bi Asya akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe huwezi kumwomba hata ungetaka," akasema. "Mtu hajiombei sifa kwa kinywa chake, ni aibu. Sifa huombewa. Siye hata siku ya kufa, sheikh husimama akawauliza watu, mwamshuhudia vipi marehemu, na mwenyewe amelala kimya, hatii neno. Kuolewa unaombewa, kufa unaombewa. Kwa nini kusoma uende mwenyewe?" Akajitanda kanga yake. "Mamaako angekuwa hai angekwenda yeye. Hayupo. N'takwenda miye."

Nilidhani ni maneno. Kumbe wiki ile ile, nikiwa ghorofani na kitoroli changu, nikaitwa chini ofisini kwa Madam Luz. Nikaingia nikamkuta Bi Asya ameketi kwenye kiti cha wageni, buibui lake la sikukuu, mkono una hina mbichi, na mezani mbele ya madam, juu ya ratiba za zamu, pana hotipoti ya biriani, sahani ya halua na kichupa cha mafuta ya udi kilichofungwa utepe. Nyuma yake amesimama Mueni na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu, ameburutwa kuja kutafsiri jambo alilolipinga. Aliniangalia kwa macho ya kusema usiniulize.

Nilifika mwishoni, ya mwanzo nilisimuliwa na Mueni baadaye. Bi Asya alianza kwa kusalimia na kuulizia afya ya madam, ya wazazi wa madam, ya watoto wa madam huko kwao. Kisha akasema wamekuja kwa kheri. Akasema mtoto wao yuko katika mikono ya madam, madam amemlea, amemfunza, na sasa mtoto amepata pa kwenda, mahali pa heshima, nao wazee wake wamekuja kuomba ridhaa ya madam na baraka zake, kwa maandishi, kabla mwezi haujaisha. Mueni akatafsiri alichoambiwa atafsiri, neno kwa neno, kama mlinzi anayesoma amri ya mkubwa. Neno chuo halikutajwa hata mara moja. Kwa mila ya Bi Asya, jambo lenyewe hutajwa mwisho, baada ya kahawa. Pale hotelini kahawa haikuletwa.

Badala yake Madam Luz alisimama, akazunguka meza, akanikumbatia. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku ile. Alikuwa na machozi. "Nilijua kuna kitu, umekuwa kimya sana mwaka huu," akasema. "Karatasi nitaifanya leo leo." Bi Asya akaniangalia, uso wote unang'aa, na mimi nikakaa kimya nimeinamisha macho, maana binti anayezungumziwa hakai akachangia. Nje, kwenye lango la wafanyakazi, Mueni akakubali yaishe. "Haya, Bi Asya, umeniweza. Huyo madam hata amelia!" Bi Asya akafunga buibui lake vizuri. "N'lishasema. Watu wote ni watu."

Karatasi ilifanywa kweli. Siku chache baadaye kijana wa ofisi ya ajira alinipita kwenye lifti ya mizigo akanipa hongera ya ndoa. Nikamuuliza ndoa ipi. Akacheka, akasema madam ameshaandika kwamba sitaongeza mkataba kwa sababu ninaolewa, msichana wa kushika nafasi yangu ameshapatikana, viza yake iko njiani. Nakumbuka lifti ilikuwa na mikokoteni miwili ya taulo. Nakumbuka nilishukia ghorofa yangu, nikamaliza chumba nilichokuwa nimekianza, nikakunja ile ncha ya karatasi ya chooni kama tulivyofundishwa. Kisha ndipo nikashuka kwa Madam Luz, nikamwambia mimi siolewi. Nikamweleza chuo, fomu, barua. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Lakini walileta chakula," akasema. "Walileta manukato. Yule mama alisema baraka."

"Ndivyo tunavyoomba, madam."

Akapiga simu kwa wakubwa. Nilimsikia akibembeleza, kisha akisema sir, sir. Akaweka simu. "Khalas, basi tena. Imeshapitishwa." Hakunitazama. Akavuta kompyuta, akaandika palepale, muda mrefu, akifuta na kuandika tena, nami nimesimama. Alipomaliza akanisomea, kwa sababu alisema sitaki uende na kitu usichokijua. Aliandika kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulalamikia chumba nilichokisafisha. Aliandika kwamba mwaka huu nilifiwa na mama yangu na sikukosa zamu hata moja, kwamba yeye hajui kama hilo ni jambo zuri, lakini anadhani wanaonipokea wanapaswa kulijua, ili mtu mmoja awe ananitazama. Nikasema asante, madam. Nikaenda zangu. Kwenye ngazi nikakaa, nikashika chuma cha kuegemea, kilikuwa baridi, nikakishika mpaka kikapata joto la mkono wangu. Tangu mama afariki hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa amemtaja.

Nyumbani niliwaambia wakiwa wanachambua mchele. Mueni alisema, "Ngai wakwa," Mungu wangu kwa Kikamba, akashika kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema "nilisema mimi." Bi Asya aliendelea kuchambua. Akaokota kijiwe, akakiweka pembeni. Akaokota kingine. Kisha mikono ikasimama.

"Miye nimekuvunjia," akasema.

"Hapana, Bi Asya."

"Nimekuvunjia mwanangu. Nimekwenda na mila zangu kama nakwenda Malindi kwetu Unguja, kwa jirani." Akalia. Mwanamke yule aliyekuwa akiwafokea wenye makontena mpaka wakashuka ngazi kinyumenyume, alilia juu ya sinia la mchele, akijifuta kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, ni yangu yaliyoharibika, na nikawa namtazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Nilimpenda. Nilijua nampenda. Lakini mkono wangu haukunyanyuka kumshika, na hilo lilinitisha kuliko habari ya mkataba.

Tukatuma maombi, na barua zote mbili ndani ya bahasha moja, kwa sababu sasa kuzizuia kungekuwa upuuzi mtupu. Kisha tukangoja. Kazi yangu iliisha na siku za kukaa nchini zikaanza kuyeyuka. Bi Asya hakunitaja kitanda wala chakula. Alinihamishia kitanda cha karibu na dirisha, akampandisha Mueni juu, na Mueni alipolalamika aliambiwa apande bila maneno. Kila siku kipande cha kwanza cha samaki kilikuwa changu. Wafanyabiashara waliokuja kula aliwaambia nangoja chuo, waniombee dua, na watu wazima wenye mabegi ya pesa na bili za mizigo waliacha kijiko, wakafungua viganja, wakaniombea. Mimi niliitikia amina kwa heshima. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku moyoni.

Jibu lilikuja kwa simu: niende chuoni na cheti changu halisi cha alama. Nikaenda kwa basi, upande wa pili wa mji, ambako miti ya barabarani imepangwa kama meno. Dada aliyenihudumia alikuwa mchangamfu. Akalinganisha cheti na nakala aliyokuwa nayo, akagonga muhuri, akasema karibu mwaka wa pili, ofisi ya viza ni mlango ule. Kisha akatoa kwenye jalada langu bahasha, akanirudishia. Ilikuwa ile yetu. Gundi ilikuwa haijaguswa.

"Hizi tunawarudishia," akasema. "Kwa wanaohama tunatazama alama tu. Ndiyo maana tuliandika si lazima."

Nikaishika bahasha ile. Ndani yake ilikuwa kazi yangu ya hotelini, biriani ya Bi Asya, machozi ya Madam Luz. Nikamshukuru dada yule, na leo ninakaa kwenye kiti kama chake, na ninawarudishia watu bahasha zao kwa upole uleule, nikiwatazama kama nilivyotamani nitazamwe.

Niliporudi Naif, Bi Asya alikuwa mlangoni kabla lifti haijafunguka vizuri. Nikamwambia nimepata. Akapiga kigelegele, jengo zima likatoa vichwa. Alipotulia akanishika kidevu. "Ile ya madam waliisoma?"

"Waliisoma," nikasema. "Waliipenda sana."

Sijajuta jibu hilo hata siku moja. Miaka yote iliyofuata, kila mgeni aliyekula kwake aliambiwa, akininyooshea kidole cha hina: "Huyu mnayemwona msomi huyu, chuo nilimposea miye. Nilikwenda kwa madam wake na biriani." Nami nikawa natikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Kwenye ngazi za jengo lile, siku ya msiba, lifti ikiwa imekwama kama kawaida yake, nikakumbuka sijampigia yule kijana wa Sharjah. Nikampigia nimeegemea ukuta. "Kiukweli kiukweli," nikamwambia, "huwa hazisomwi. Lakini kama yuko mtu anayetaka kukuandikia, mwache aandike." Akauliza, sasa dada, kama hazisomwi, aandike ya nini? Nikamwambia niko msibani.

Marobota yalikuwa yametolewa sebuleni. Sikuwahi kujua sakafu ile ni ya vigae vya kijani. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mazulia, kanga vichwani, wengi wao walipita kwenye vile vitanda vyenye pazia la maua, na jikoni mtu alikuwa anapika kwenye masufuria yake bila kujua kila kitu kilipo. Mueni alikuwa pembeni, amejifunga mtandio kama bandeji, amevimba macho. Nikakaa ubavuni mwake. Akanishika mkono, nikamwachia mkono. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini. Ikasomwa hitima, ikaombwa dua, nasi tusio wa dini ile tukakaa na viganja wazi.

Kisha Zaituni, binti wa kaka yake Bi Asya aliyekuja kutoka Unguja kumuuguza, akapiga magoti katikati. Akasema huko kaburini wanaume wataulizwa, lakini shangazi yake aliishi na wanawake, na wanawake ndio waliomjua, kwa hiyo na sisi tuulizwe. "Mwamshuhudia vipi marehemu?"

"Mtu mwema," wakajibu.

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Niliutazama mlango wa chumba chake, buibui la sikukuu bado linaning'inia kwenye msumari.

"Mwamshuhudia vipi marehemu?"

"Mtu mwema." Baadhi walikuwa wanalia sasa. Mueni akaniinamia sikioni. "Edi, si lazima sisi tujibu. Sisi si wa huku."

"Najua si lazima," nikasema.

Zaituni akavuta pumzi aulize mara ya tatu, na nikausikia mkono wa Mueni ndani ya mkono wangu, joto lake, jasho lake, mifupa yake, kila kidole. Nikajibu kabla ya wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, wanawake wakageuka kunitazama.

"Mtu mwema," nikasema. Nikarudia, kwa sababu nilikuwa nalia na nilitaka lisikike vizuri. "Mtu mwema."